Sukari robo, robo, robo: nani kakwambia hajui hesabu?

Jioni ya Jumamosi, dukani kwa Mangi, Tandika. Mbele yetu amesimama jirani yangu, mama wa watoto wanne, ameshika noti ya elfu kumi aliyoikunja mpaka ikawa ndogo kama karanga. Anaagiza bila kusita, kama anayesoma kitu alichokwisha kukikariri.

"Mangi, sukari robo, mafuta ya jero, unga kilo na nusu, na kiberiti."

Sukari iko tayari. Mangi huzipima robo zake alfajiri na kuzifunga, kwa sababu anajua hakuna atakayeagiza kilo. Mafuta yanachotwa kwa kikopo na kumiminwa kwenye kichupa alichokuja nacho mama mwenyewe. Anapokea chenji, anaihesabu mara mbili, anaifunga kwenye pindo la khanga, anaondoka.

Mpwa wangu, aliyemaliza chuo juzi juzi na sasa yuko kwenye ajira yake ya kwanza, anamsubiri afike mbali kidogo.

"Mjomba, huyu mama jana si alinunua robo? Na juzi? Si achukue kilo moja aokoe hela? Ndiyo maana watu hawatoki."

Hiyo "ndiyo maana watu hawatoki" nimeshaisikia kwenye daladala, redioni na kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo. Huwa inapata nguvu kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, wanapotangaza bei kikomo za mafuta ya petroli na dizeli. Siku hiyo mjini kunakuwa na kambi mbili: wanaosema maisha yamekuwa magumu, na wanaosema maisha ni yale yale, watu tu hawajui kupanga. Wote wanagombana juu ya swali moja bila kulitaja kwa jina lake: mtu mwenye hela kidogo anachaguaje? Wachumi wamelikalia swali hilo kwa zaidi ya miaka 150, na majibu yao yanamtetea yule mama kuliko mpwa wangu alivyotegemea. Ingawa, na hili nitalifikia, hayamtetei kwa kila kitu.

Tukubaliane kwanza kuhusu maneno matatu.

Mlaji, kwa lugha ya uchumi, si lazima awe anakula. Ni yeyote anayenunua kitu ili akitumie: nauli, bando, sabuni, ada ya mtoto, kusuka nywele. Bajeti nayo si jedwali la kwenye kompyuta wala ile hotuba ya Juni bungeni Dodoma. Bajeti ni ukuta. Upande huu kuna vyote unavyoweza kuvipata kwa hela uliyonayo na bei zilizopo, upande wa pili kuna vingine vyote duniani. Hata asiyejua kusoma ana bajeti, kwa sababu ukuta hauhitaji kuandikwa ili umgonge mtu.

Neno la tatu ndilo linalovuruga watu: kuchagua kwa mantiki. Wengi wanadhani maana yake ni kubana matumizi, au kuchukua cha bei ya chini, au kufanya kile ambacho mtu mwenye digrii angekifanya. Sivyo. Maana yake ni kwamba mtu anajua anapendelea nini kuliko nini, hajipingi mwenyewe, na katika vile vilivyo upande wake wa ukuta anachukua kinachomfaa zaidi. Haisemi apende unachokipenda wewe. Anayechagua kahawa ya kijiweni na kashata kuliko maziwa fresh hajakosea hesabu yoyote.

Sasa tuuguse huo ukuta. Bei nitakazozitumia ni za mfano, usije ukanidai nikuletee mchele kwa bei hiyo. Tuseme una elfu kumi na vitu viwili tu vya kununua: mchele, kilo 2,500, na dagaa, fungu 1,000. Unaweza kupata kilo nne za mchele bila dagaa hata mmoja, au mafungu kumi ya dagaa bila punje ya mchele, au kilo mbili na mafungu matano. Ukitaka kilo moja zaidi ya mchele, lazima urudishe mafungu mawili na nusu ya dagaa. Kwa hiyo bei halisi ya mchele kwako wewe si 2,500, ni dagaa uliowaacha. Wachumi wanaiita gharama ya fursa: kile ulichokitoa mkononi ili ushike hiki. Mwalimu Nyerere aliliweka kwa maneno matatu mwaka 1969 alipokuwa akiwasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo: kupanga ni kuchagua. Yeye alikuwa anasema habari za nchi nzima, lakini elfu kumi iliyofungwa kwenye pindo la khanga inafuata sheria ile ile.

Dumu la kwanza na dumu la kumi

Kuna kitendawili cha zamani ambacho Adam Smith alikiandika mwaka 1776: maji yanatufaa kuliko almasi, bila maji tunakufa, mbona almasi ndiyo yenye bei kubwa? Watu wa Dar tulipewa jibu bure mwaka 2022.

Oktoba ile Mto Ruvu ulipungua, na maji yakaanza kutoka kwa mgawo. Mtaani kwetu madumu ya lita ishirini yalipangwa foleni usiku, bei ya dumu ikapanda, mikokoteni ikawa dili. Angalia watu walivyofanya. Dumu la kwanza lilikuwa la kunywa na kupikia, na hapo mtu hakubishana bei. La pili, kuoga watoto. La tatu, vyombo. La nne, choo. La tano, kufua sare za shule. La saba au la nane ndilo la kupigia deki, na kwa bei ile watu wengi waliona deki inaweza kusubiri mpaka wiki ijayo. Dumu la kumwagilia maua hakuna aliyelinunua.

Maji yalikuwa yale yale, dumu lile lile. Kilichobadilika ni kazi ambayo kila dumu la ziada lilikuja kuifanya. Hayo ndiyo manufaa ya nyongeza: si faida ya maji yote, ni faida ya hili moja unalotaka kuliongeza sasa hivi. Na karibu kila kitu kina tabia hiyo, kila unapoongeza, kinachoongezeka kinakufaa pungufu ya kilichotangulia. Siku za kawaida, bomba likitoka, tuna maji mpaka ya deki, kwa hiyo dumu moja la ziada halina thamani kubwa kwetu. Almasi ya mgodi wa Mwadui ni chache mno, haina anayeitumia kupigia deki.

Ukilielewa dumu, kanuni yenyewe ya kuchagua inakuwa nyepesi. Mjerumani mmoja, Hermann Heinrich Gossen, mtumishi wa serikali asiye na jina kubwa, aliichapisha mwaka 1854. Kitabu chake hakikununuliwa, naye akakiondoa sokoni kwa uchungu. Mtu aliyeeleza namna wanunuzi wanavyochagua hakuchaguliwa na wanunuzi. Kanuni yake inasema hivi kwa Kiswahili cha sokoni: usiulize kipi ni bora, nyama au mchicha. Uliza mia tano yangu ya mwisho itafanya kazi zaidi ikiwa wapi. Kama mia tano ya mwisho uliyoiweka kwenye mafuta ingekufaa zaidi kwenye nyanya, ihamishe. Endelea kuhamisha mpaka ufike mahali ambapo hakuna mia tano inayotamani kuhama. Hapo umemaliza.

Simama Temeke Stereo au Buguruni saa kumi na mbili jioni uone kanuni hiyo ikitembea. Mama anashika fungu la nyanya, anaangalia bamia, anarudisha nyanya, anachukua nusu ya bamia na kitunguu kimoja. Anayemwona anasema anapoteza muda. Kumbe mia tano zinahama.

Hesabu ya robo

Turudi kwa Mangi, kwa sababu hapa ndipo mpwa wangu alipokuwa na hoja.

Tuseme kilo ya sukari ni 3,000 na robo ni 800. Robo nne ni 3,200. Anayenunua robo kila siku analipa 200 zaidi kwa kila kilo. Hilo halina ubishi, na mpwa wangu aliliona sawasawa.

Ambacho hakukiona ni siku ya kwanza. Mama ana elfu kumi. Akichukua robo, anabaki na 9,200. Akichukua kilo, anabaki na 7,000. Tofauti ni 2,200, na hiyo 2,200 ilikuwa na kazi leo hii: ni maharage nusu kilo, au ni nauli ya kesho ya watoto wawili. Kuokoa shilingi 200 ndani ya siku nne kunamtaka akose maharage usiku wa leo. Kwa mtu ambaye 2,200 imelala tu mfukoni, kilo ndiyo akili. Kwa mtu ambaye kila mia tano ina kituo chake, robo ndiyo akili. Wote wawili wana hesabu sahihi na kuta zao hazifanani.

Lakini ngoja, maana kuna watetezi wa wanyonge wanaoishia hapo na kupiga makofi. Iangalie ile 200 kwa jicho la mkopo. Kwa kununua robo, mama amebaki na 2,200 ya ziada siku ya kwanza, 1,400 siku ya pili, 600 siku ya tatu, na siku ya nne amelipa 200. Yaani ni kama amekopa wastani wa 1,400 kwa siku tatu kwa riba ya 200. Hiyo ni takriban asilimia 14 kwa siku tatu. Hata wale wa mikopo ya kausha damu wangesalimu amri. Kwa hiyo robo si ujinga, ila ni ghali, na mambo hayo mawili yanakaa pamoja bila kugombana. Mtu anaweza kuchagua vizuri kabisa katika hali mbaya na bado akatoka na hasara.

Na hesabu hiyo hiyo inaonyesha mlango ulipo. Mama hahitaji kuwa na kipato kikubwa zaidi ili ahamie kwenye kilo. Anahitaji 2,200 mara moja tu, kama mtaji. Baada ya hapo anaweka 750 kila siku badala ya kulipa 800, na kila siku ya nne ana 3,000 ya kilo nyingine. Mtaji wake unarudi baada ya siku 44, mwezi na nusu hivi. Tatizo lake ni kuwa na hela nzima kwa wakati mmoja. Kwenye unga, mkaa na kodi ya nyumba ni hivyo hivyo. Mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo hamwulizi mpangaji kama anaweza kulipa kila mwezi. Anamwuliza kama ana hela nzima.

Ndiyo sababu mchezo wa kupeana hela kwa zamu haufi Dar es Salaam. Wanawake kumi wanampa kijumbe elfu mbili kila siku, kila siku ya kumi mmoja anaondoka na mkoba. Hakuna riba, na hela uliyopeleka ni ile ile unayorudishiwa. Mchumi wa haraka atasema hakuna faida. Faida ni kwamba vihela vidogo vimegeuka kuwa hela nzima, na kwamba kwa siku hizo zote hakuna mtoto, mume wala shemeji aliyeweza kuigusa. Kibubu nacho ni hivyo. Kukitengeneza bila mlango, kiasi kwamba lazima ukivunje, ni njia ya wewe wa leo kumfungia njia wewe wa Ijumaa jioni.

Nilitaja mtoto na shemeji kwa makusudi. Mpwa wangu hana aibu, siku moja alimsimamisha yule mama njiani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

"Sijambo. Mama, samahani, hivi kwa nini sukari usinunue kilo?"

Mama akacheka. "Mwanangu, robo kwangu inakaa siku moja. Kilo inakaa siku mbili."

Ile hesabu yangu ya siku 44 ilidhani kilo itadumu siku nne. Nyumbani kwake haidumu. Sukari ikijaa kopo, kila mtoto anakoroga uji mwenyewe, na jirani anayekuja kuazima hawezi kuambiwa imeisha wakati anaiona. Robo ni mlinzi wa sukari. Hilo halipo kwenye jedwali la mpwa wangu, wala halikuwepo kwenye langu.

Tusije pia tukaaminishwa kwamba jumla ni nafuu kila mahali. Umeme wa LUKU unakwenda kinyume: mteja wa daraja la matumizi madogo, anayeishia uniti 75 kwa mwezi, anauziwa uniti kwa bei ya chini mno kuliko wa daraja la kawaida. Wanaoumia ni wapangaji sita wenye mita moja. Kila mmoja peke yake ni mtumiaji mdogo, lakini mita inawahesabu kama mtu mmoja mwenye friji nne.

Bei ikipanda, vinasogea vitu viwili

Mwanzoni mwa 2024 sukari iliadimika. Mvua za El Niño zilikuwa zimevuruga uzalishaji viwandani, na serikali ikalazimika kutoa bei elekezi. Mambo mawili yalitokea kwa pamoja, na kuyatenganisha kunasaidia kuelewa kila kupanda kwa bei kunakokuja.

La kwanza, watu walihama. Chai ilipungua sukari, uji wa asubuhi ukatiwa ndizi, wengine wakaona magimbi na maji ya moto si haba. Kitu kikiwa ghali kuliko wenzake, unakimbilia kwa wenzake. La pili, hata asiyehama alipungukiwa. Kama familia iliendelea kunywa chai tamu vile vile, hela ya ziada ilitoka kwenye mboga. Mshahara haukuguswa, lakini ukuta ulisogea ndani. Ndiyo maana mtu anaweza kusema "nimekuwa maskini" na mwajiri wake akashangaa.

Wafanyabiashara wetu wanaijua saikolojia ya jambo hili. Fungu la nyanya kwa kawaida halipandi bei, linapungua tu. Jana nyanya sita kwa jero, leo nne kwa jero, na ile ya juu ndiyo nzuri. Mnunuzi anayehesabu nyanya badala ya kuangalia fungu yuko mbele ya wenzake.

Kuna kisa kimoja kinachokataa kila unachodhani kuhusu bei. Mwaka 2008 watafiti Robert Jensen na Nolan Miller walichapisha walichokiona katika jimbo la Hunan, China. Familia maskini sana zilipewa vocha za kupunguza bei ya mchele, chakula chao kikuu, zikanunua mchele kidogo kuliko kabla. Vocha zilipoondolewa, wakarudi kuununua kwa wingi. Inaonekana kichaa mpaka uivae hali hiyo. Tuseme una elfu tano. Unga kilo ni 1,000, unachukua kilo mbili, na 3,000 inayobaki ni nyama robo. Unga ukifika 1,500, kilo mbili ni 3,000, umebaki na 2,000, na nyama robo haipatikani tena. Tumbo lililokuwa linasaidiwa na nyama linataka kujazwa, kwa hiyo unaongeza kilo ya tatu ya unga. Umetumia 4,500, na jero iliyobaki ni ya mchicha. Unga umepanda bei na wewe umeununua zaidi. Ni jambo la nadra, linatokea tu pale chakula kikuu kinapomeza sehemu kubwa ya hela. Lakini anayesema "watu wananunua tu, kwa hiyo hawajaumia" angekaa nalo kidogo.

Hapo hapo ndipo lilipo jibu la wanaobishana na takwimu za mfumuko wa bei. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilionyesha wastani wa asilimia 3.1 kwa mwaka 2024, na mtaani watu wakasema hizo takwimu zinapikwa. Si lazima ziwe zimepikwa. Kapu la manunuzi linalopimwa ni la taifa, na ndani yake chakula na vinywaji visivyo na kilevi vina uzito wa takriban asilimia 28. Kapu la jirani yangu, chakula ni zaidi ya nusu. Mjerumani mwingine, Ernst Engel, alilibaini hili mwaka 1857: kadiri kipato kinavyopungua ndivyo sehemu ya chakula inavyokuwa kubwa. Chakula kikipanda na simu zikashuka, takwimu inatulia, ila jirani yangu hanunui simu kila mwezi.

Kariakoo, nauli na "nimeshafika"

Hela si ukuta pekee. Kuna muda. Mtu wa Kimara anayeacha daladala na kupanda bodaboda asubuhi huonekana mfujaji, mpaka ujue kwamba akichelewa anakatwa siku nzima. Kuna pa kuhifadhi, maana gunia la mkaa ni nafuu kuliko mkaa wa kopo, lakini chumba kimoja chenye watu watano kinahitaji gunia lilale wapi? Na kuna akili yenyewe, nayo huchoka. Herbert Simon, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, alisema binadamu hatafuti kilicho bora kuliko vyote, anatafuta kinachotosha. Ukienda Kariakoo kutafuta viatu vya shule hupiti maduka yote. Unapita matatu, manne, ukiona kinachofaa unanunua. Kupita maduka mia kwa ajili ya kuokoa elfu moja ni kujianika kwenye jua la Dar kwa malipo madogo mno.

Kosa la kweli la Kariakoo ni lingine, na nimelifanya zaidi ya mara moja. Umetoka Mbagala, umelipa nauli, umesukumana, umefika, na shati ulilolifuata halipo. Unanunua jingine usilolipenda kwa sababu "nimeshafika, siwezi kurudi mikono mitupu". Nauli imeshaondoka. Itarudi ukinunua? Hairudi. Itarudi usiponunua? Hairudi pia. Basi isiwe na kura kwenye uamuzi huu. Swali lililobaki ni moja: shati hili, kwa bei hii, kuanzia sasa, linastahili? Mimi ninalo la rangi ya ugoro kabatini linaloweza kutoa ushahidi.

Vivyo hivyo na imani kwamba mwenye akili huchukua cha bei ya chini. Wanaoijua mitumba ya Karume wanajua: suruali ya jinzi ya mtumba iliyochaguliwa kwa makini inaweza kudumu kuliko ile mpya ya bei chee inayopauka baada ya kufuliwa mara tatu. Gawanya bei kwa siku utakazovaa. Upande mwingine, nguo ya sare ya harusi utakayovaa mara moja haina sababu ya kudumu.

Na kwa kuwa nimetaja harusi: wapo wanaodai kwamba michango ndiyo inayotumaliza, na kwamba mtu wa mantiki angekataa kadi zote. Mantiki haijasema popote kwamba lazima ujipende peke yako. Kufurahi kuona mtoto wa jirani ameolewa ni pendeleo kama pendeleo la soda. Isitoshe, mchango una sura ya bima. Leo unatoa, kesho ukifiwa, turubai linafika, na viti, na mchele, kabla hujamaliza kulia. Kwa mtu asiye na bima nyingine, kujitoa kwenye michango kunaweza kuwa uamuzi wa hatari kuliko yote. Ila bima nayo ina kiwango. Anayekopa ili achangie ukumbi ambao hata hatauingia, huyo sina namna ya kumtetea.

Kosa moja zaidi, dogo na la kila siku: bando. La saa ishirini na nne linaonekana rahisi kwa sababu ni buku. Mara nne kwa wiki, wiki nne, ni elfu kumi na sita, na mpwa wangu mwenyewe, yule wa kilo ya sukari, hulinunua hivyo hivyo. Nilipomwuliza kwa nini asichukue la mwezi, alisema mwezi ukianza huwa hana hela ya pamoja. Nikamtazama. Akatazama chini.

Mtungi

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Wengi wanaojadili jambo hili hulinganisha bei ya gesi na bei ya mkaa kwa mwezi, gesi inashinda kwenye karatasi, halafu wanashangaa mkaa hauondoki. Mkaa unauzwa kwa kopo. Mtungi wa kawaida wa gesi hauuzwi kwa kopo. Unajazwa wote, unalipiwa wote, siku moja, na ukiisha katikati ya mwezi chakula kiko nusu jikoni. Mzozo ni ule ule wa sukari, ila hapa hela nzima inayotakiwa ni kubwa mara kadhaa kuliko 2,200.

Mwezi uliopita zamu ya mchezo ilimfikia jirani yangu. Niliona bajaji imesimama mlangoni kwake, inashusha mtungi mdogo wa kilo sita na jiko lake juu, watoto wanashangilia kana kwamba ni baiskeli. Kesho yake jioni nilimkuta dukani kwa Mangi. Aliagiza mafuta ya jero, unga, vitunguu viwili. Mangi akauliza kama leo, maadamu mambo yamenyooka, amfungie sukari kilo.

"Robo," akasema mama. "Wale watoto hawajahama."